Seva ya Wote haikamiliki bila shemeji wa Nairobi

Mpiga picha wa harusi mjini Wote hutoka jasho Jumamosi, lakini mzigo wenyewe huuona Jumatatu asubuhi. Kamera mbili, kadi nne za gigabaiti 64 kila moja, mahubiri ya saa nzima ambayo hakuna atakayeyatazama na hakuna anayethubutu kuyafuta, droni iliyorushwa juu ya mahema. Vyote vinaingizwa kwenye laptopu moja. Laptopu ikijaa vinahamishiwa diski ya nje, na diski inatupwa ndani ya droo pamoja na chaja, risiti na betri zilizokwisha. Kadi zinafutwa, maana Jumamosi ijayo kuna harusi nyingine Kathonzweni. Tangu dakika hiyo, siku kubwa ya watu wawili, pamoja na sura za nyanya waliosafirishwa kutoka Makindu na Kibwezi na ambao huenda hawatapigwa picha nyingine, imebaki ndani ya kifaa ambacho mtoto anaweza kukiangusha akitafuta penseli.

Diski ikikaribia kufa huwa inasema. Isogezee sikio utasikia tak, tak, tak, kisha kimya, kisha tak tena: kichwa cha kusomea kinatafuta njia yake, kinaikosa, kinarudi mwanzo na kujaribu upya. Fundi mwenye busara atakuambia uichomoe papo hapo, kwa sababu kila jaribio linaweza kuwa linakwaruza kile kidogo kilichosalia. Fundi mwenye haraka ataifomati. Mteja akija kuchukua albamu, mazungumzo huwa mafupi. "Mama, samahani, diski ilikataa." "Ilikataaje, na pesa zote nilikulipa?" Hapo mpiga picha hana la kusema.

Nimeanza na mpiga picha kwa sababu hasara yake inaonekana, lakini si yeye peke yake. Mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi ana alama za wanafunzi za miaka sita kwenye kompyuta moja ya ofisi. Mwenye kliniki ana rekodi za wagonjwa. Katibu wa kamati ya mradi, katika kaunti hii ya Makueni iliyojijengea sifa ya kuwashirikisha wananchi kuanzia ngazi ya kijiji, ana kumbukumbu za mikutano kwenye simu yake, na simu yenyewe ina ufa. Na familia ya kawaida ina picha za watoto, sauti ya baba aliyeaga, nakala ya hati ya shamba. Hawa wote, kwa maoni yangu, wanahitaji seva ndogo ya kuhifadhi data ndani ya nyumba au duka lao. Ila wengi watakaoiweka wataiweka nusu, na hiyo nusu itakayosahaulika ndiyo yenye kazi.

Najua jibu la mtaalamu aliyezoea intaneti ya Kilimani: weka kila kitu kwenye wingu, seva ya nini? Hebu tuhesabu. Kadi nne za gigabaiti 64 ni gigabaiti 256. Mwenye bahati ya kupata megabiti 10 kwa sekunde za kupakia, si za kupakua, maana vifurushi vingi hutangaza kasi ya kupakua kwa herufi kubwa na kunyamazia ile nyingine, atahitaji karibu saa 57 kuipandisha harusi moja. Hizo ni siku mbili na zaidi ya theluthi ya siku ya tatu, bila stima kupotea, bila ruta kuganda, na bila mtoto kufungua katuni. Harusi hiyohiyo ikipita kwenye kebo ya kawaida ya mtandao kutoka kwenye laptopu hadi kwenye seva iliyo chumba cha pili, itachukua kama dakika 40 ikiwa diski zenyewe hazichelewi. Kwa hiyo mpiga picha wetu ana njia mbili: anywe chai kazi ikamilike, au aanze Jumatatu akisubiri Jumatano jioni.

Afrika Kusini walilionyesha jambo hili kwa mzaha mwezi Septemba 2009. Kampuni moja karibu na Durban ilimfunga njiwa aliyeitwa Winston kadi ya gigabaiti nne mguuni, akaruka kama kilomita 80 kwa saa moja na dakika chache. Hata baada ya kuongeza muda wa kuihamisha data kutoka kwenye kadi, mtandao wa simu ulikuwa umefikisha asilimia nne tu ya mzigo uleule. Intaneti imeongeza kasi sana tangu wakati huo. Kamera nazo zimeongeza ukubwa wa faili, na mbio hizo bado hazijaisha.

Nafasi ya bure ya winguni nayo imepungua. Hadi tarehe 1 Juni 2021 Google Photos ilipokea picha zilizopunguzwa ubora bila kikomo. Tangu siku hiyo zinahesabiwa ndani ya gigabaiti 15 unazogawana na barua pepe zako na faili zako nyingine. Kisha mwaka 2024 bakapu za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zikaanza kuhesabiwa humohumo. Mtu ambaye kikundi cha mazishi, kikundi cha chama na kikundi cha darasa la mwaka 2004 vinamtumia video usiku kucha, gigabaiti 15 hizo hujaa, na zikijaa bakapu husimama. Wengi hupata habari siku wanaponunua simu mpya na kukuta mazungumzo yanaishia miezi mingi nyuma.

Halafu kuna njia yenyewe ya kufika huko winguni. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Mtunzini, Afrika Kusini, na intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikatambaa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na faili zake ndani ya nyumba hakuhitaji kujua Mtunzini iko wapi.

Wala wingu si mahali pa ajabu pasipoungua. Ni jengo la mtu mwingine lenye kompyuta nyingi. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba hata nakala walizozitegemea zilikuwa palepale penye moto. Kisa cha Korea Kusini kinauma zaidi. Tarehe 26 Septemba 2025 betri ziliwaka ndani ya kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Mfumo ambao watumishi wa umma walikuwa wameagizwa kuhifadhia kazi zao, wenye terabaiti 858, ukateketea. Haukuwa na nakala mahali pengine. Sababu iliyotolewa ni kwamba ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Nchi inayouza simu na kadi za kumbukumbu duniani kote ikabaki na majivu, sawa kabisa na mwenye droo ya Wote.

Simwambii mtu aache wingu. Hati ya shamba, vyeti vya shule, kitambulisho, hesabu za biashara, vyote hivyo ni faili ndogo na vinakaa vizuri huko. Ninachokataa ni kumshauri mtu wa Makueni kana kwamba anaishi mahali ambapo stima haipotei na bando haliishi. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, na kabla mwaka haujaisha giza lilirudi Novemba na tena Desemba. Mtu anayepanga namna ya kutunza data hapa aanze na giza hilo, kisha ndipo aulize ni programu gani.

Kuna Wakenya walioanzia hapo. Mwaka 2013 vijana wa Nairobi waliotoka Ushahidi, ule mradi uliozaliwa katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, walitangaza kisanduku kilichoitwa BRCK: ruta yenye betri ya saa nane ndani yake, iliyoundwa kwa ajili ya mahali ambapo stima huja na kuondoka. Miaka miwili baadaye wakatoa Kio Kit, sanduku lenye tableti 40 na seva ndogo ndani, ili darasa lisome hata intaneti ikiwa haipo. Jambo ninalolipenda katika kazi yao ni kwamba hawakuona kukatika kwa stima kama hitilafu ya kuombewa radhi. Waliichukulia kama hali ya kawaida ya hapa, wakaunda kifaa juu yake.

Sasa tuje kwenye seva yenyewe. Wengi wana kompyuta kuukuu ya mezani iliyopumzishwa chini ya meza, na wazo la kwanza ni kuigeuza iwe seva kwa kuwa ni ya bure. Si ya bure. Mashine hiyo inaweza kula wati 60 hata ikiwa haifanyi lolote la maana. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30, hizo ni uniti 43. Tukichukua shilingi 30 kwa uniti, ni karibu shilingi 1,300 kila mwezi. Kompyuta ndogo ya mitumba, zile zinazotoshea kiganjani na ambazo ofisi za Ulaya huziuza kwa jumla zikichoka nazo, hula wati 20 pamoja na diski zake, na bili yake ni kama shilingi 430. Tofauti hiyo kwa mwaka inapita shilingi 10,000, nazo zingenunua sehemu kubwa ya diski. Mwenye paneli za jua ahesabu kwa makini zaidi, kwa sababu wati 60 za usiku kucha zinaimaliza betri kabla jogoo hajawika.

Diski ni mbili, za ukubwa mmoja, na ikiwezekana zisinunuliwe siku moja kutoka boksi moja, maana zilizozaliwa pamoja hupenda kufa pamoja. Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, uliza swali moja ambalo muuzaji hatalipenda: diski hii inaandika kwa mistari inayolaliana au la? Zile za mistari inayolaliana hubeba data nyingi kwa bei ndogo, ila zikilazimika kuandika upya sehemu kubwa huburuza miguu, na katika seva huenda zikadhaniwa zimekufa. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa ikiuza baadhi ya diski za aina hiyo katika jina lake la WD Red, lililotengenezewa seva za nyumbani, bila kuwaambia wanunuzi. Kama wanunuzi wa Marekani walifichwa, wewe wa Luthuli uliza tu, hata ukionekana mjuaji.

Programu hazikugharimu kitu. OpenMediaVault, iliyotolewa na Mjerumani Volker Theile mwaka 2011, huwekwa kwenye kompyuta ya kawaida na kuigeuza seva ya faili unayoiendesha kupitia kivinjari cha simu au laptopu. Ndani yake mna Samba, kazi iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992, inayoifanya laptopu ya Windows ione seva kana kwamba ni folda yake mwenyewe. Kwenye simu weka Syncthing, na kila mtoto akiingia nyumbani na kushika Wai-Fai, picha za siku hiyo zinahamia kwenye seva bila kumwomba mtu ruhusa. Kijana yeyote aliyewahi kuweka Windows anaweza kuimaliza kazi hii mchana mmoja. Usimwamini anayekudai pesa za wiki nzima.

Mahali pa kuiweka ni suala la vumbi na wezi. Vumbi la Wote wakati wa kiangazi huingia hata kwenye friji, hivyo isiwe sakafuni wala karibu na mlango. Mwizi akivunja nyumba huanza na televisheni na kuchukua kila kilichounganishwa nayo, kwa hiyo isiwe hapo pia. Juu ya kabati la chumba cha kulala, penye hewa, kebo ikipita pembezoni mwa dari, panatosha. Ongeza UPS ndogo, yaani betri ya akiba. Haikusudiwi kuiwasha seva usiku mzima. Kazi yake ni kuipa dakika chache za kujifunga kwa heshima stima inapopotea, na waya mwembamba wa USB kutoka kwenye UPS ndio huipelekea seva habari hizo. UPS ambayo waya huo haukuunganishwa huahirisha tu ajali.

Hapa ndipo watu wengi husimama wakifurahi. Diski mbili, kila kitu kinaandikwa kote kuwili, moja ikifa nyingine ipo. Mpango huo wa kuunganisha diski ulipewa jina la RAID na wanasayansi wa Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, mwishoni mwa miaka ya 1980, nao ni mpango mzuri kwa kile ulichokusudiwa: kazi isisimame diski moja inapokufa. Lakini ukifuta folda ya harusi kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili kwa sekunde ileile. Kirusi kikizifunga faili zako, kimezifunga kote kuwili. Radi ikipita, mwizi akiingia, paa likivuja, diski zote mbili zilikuwa ndani ya kisanduku kimoja. Mtu aliyeishia hapa amenunua diski mbili na bado ana nakala moja.

Na afadhali huyo kuliko yule anayetaka seva yake ifunguke kutoka popote duniani, akatoboa tundu kwenye ruta ili aitazame akiwa Mombasa. Januari 2022 wahalifu waliojiita Deadbolt waliingia kwenye maelfu ya seva za QNAP zilizoachwa wazi kwenye intaneti, wakafunga faili za watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila kisanduku. Wengi wa waathiriwa walikuwa familia na biashara ndogo, watu walionunua kifaa hicho ili wawe salama. Miezi saba kabla, Juni 2021, wamiliki wa My Book Live, diski ya mtandao ya Western Digital iliyokuwa imeacha kutengenezewa marekebisho, waliamka wakakuta picha zao zimefutwa na mtu wa mbali. Seva ya nyumbani haina biashara ya kujulikana na dunia.

Kwa hiyo nakala nyingine lazima iwe mahali pengine, katika nyumba nyingine, na mji mwingine ukipatikana. Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, ndiye aliyeiweka kanuni hii kwa tarakimu ambazo mafundi huzitaja kama sala: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja iwe nje. Nchi za wenzetu, hiyo moja ya nje huwa bili: unalipa kampuni kila mwezi ikutunzie. Sisi tunayo bila kuijua. Ni familia gani ya Makueni isiyo na mtu Nairobi, Athi River au Mombasa? Tumelalamika kwa miongo kwamba kazi imetawanya watoto wetu kando ya reli na barabara kuu. Sawa, lakini mtawanyiko huohuo ndio kitu ambacho kampuni za data hujenga kwa mamilioni ya dola. Wazee wa Ukambani hawakuweka ng'ombe wao wote katika boma moja. Baadhi walipelekwa kwa shemeji au rafiki wa upande mwingine wa mlima, ili ukame au wavamizi wakipiga huku, kule kubaki na mbegu. Mwenye ng'ombe alijua hesabu yake, na mtunzaji alipata maziwa.

Namna ya kufanya ni hii. Nunua diski ya tatu. Iunganishe na seva hapa Wote, ifunge yote kwa msimbo tangu mwanzo, kisha nakili kila kitu kupitia kebo, usiku mmoja au miwili. Diski ikishajaa usihangaike na intaneti: itie mfukoni, panda matatu ya kupitia Machakos, na jioni utakuwa umeifikisha kwa shemeji wa Nairobi, ukiwa umesafirisha terabaiti moja kwa kasi ambayo hakuna kampuni ya simu nchini inayoweza kukuuzia. Huko ichomekwe kwenye kompyuta ndogo kama ya kwako, au hata Raspberry Pi, iliyounganishwa na ruta yao. Baada ya hapo kinachosafiri kila usiku ni mabadiliko tu, na mabadiliko ya siku ya kawaida ni machache. Programu ya rsync, nayo ya Tridgell, ya mwaka 1996, hulinganisha faili za pande mbili na kutuma vipande vilivyobadilika peke yake. Njia ya kupita iwe WireGuard, ambayo tangu 2020 imo ndani ya Linux yenyewe. Huunganisha nyumba mbili kwa ufunguo bila kuacha mlango wazi kwa wapita njia. Huenda kampuni yenu ya intaneti imewabana wateja wengi katika anwani moja, na hapo utahitaji mtu wa tatu wa kuzikutanisha nyumba hizo mbili. Tailscale hufanya hivyo bila malipo kwa matumizi madogo. Harusi yenyewe, zile gigabaiti 256, isubiri matatu ya mwisho wa mwezi.

Msimbo usiuruke. Shemeji ni mtu mwema, lakini nyumba yake nayo inaweza kuvunjwa, na rekodi za wagonjwa wa kliniki yako hazikuandikwa ili zisomwe Umoja Estate. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamdai kila anayeshika taarifa za watu azilinde, awe hospitali ya rufaa au sayba ya chumba kimoja. Na hapa niseme la pembeni: ingia sayba yoyote, fungua folda ya vilivyopakuliwa, na utakuta vitambulisho, hati za mashamba na fomu za ushuru za watu ambao hawajui kwamba bado wamelala pale. Bakapu nzuri ya vitu ambavyo hukustahili kubaki navyo ni kosa lililofanywa mara tatu. Futa kwanza, ndipo unakili. Kwa upande mwingine, sheria ya taratibu za ushuru inakutaka uweke kumbukumbu za biashara kwa miaka mitano, na "diski ilikataa" si kitu ningependa kumwambia afisa wa KRA.

Mfano mzuri kuliko yote wa nakala ya nyumbani ulitoka Pixar, Marekani. Mwaka 1998, filamu ya Toy Story 2 ikiwa inatengenezwa, mtu alitoa amri ya kufuta kwenye seva zao, na wahusika wakaanza kutoweka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Wakakimbilia bakapu. Bakapu ilikuwa imeacha kufanya kazi vizuri kwa muda bila yeyote kugundua. Kilichowaokoa ni kompyuta ya Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa ufundi, aliyekuwa amejifungua na hivyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani, akiwa na nakala ya filamu huko. Waliifunika mablanketi, wakaiendesha kwa gari polepole hadi studio. Kampuni yenye mitambo kama ile iliokolewa na mama mwenye mtoto mchanga.

Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya mablanketi. Mimi huvutwa na ile bakapu ya ofisini iliyokuwa ikiwaka taa ya kijani huku ndani mkiwa na pengo. Seva yako itafanya vivyo hivyo usipoichunguza. Kila baada ya miezi kadhaa chagua harusi moja ya zamani, irudishe kutoka kwenye diski ya Nairobi hadi kwenye laptopu, na ufungue picha, si kuona jina la faili tu. Mwalimu mkuu naye afungue alama za kidato cha pili za mwaka juzi. Usipofanya hivyo unachokuwa nacho ni matumaini yenye waya.

Kisha nenosiri. Hili huzungumzwa kidogo kwa sababu linagusa kifo, nasi tunapenda kukiacha kifo kijitokeze chenyewe. Familia nyingi zimeketi kuizunguka simu ya marehemu, zikijaribu mwaka wake wa kuzaliwa, mwaka wa kuzaliwa kifungua mimba, kisha simu inajifunga. Seva iliyofungwa kwa msimbo haina huruma hata hiyo. Bila ufunguo, picha za miaka 20 ni kelele tupu. Andika nenosiri kwa kalamu, kwenye karatasi, litie ndani ya bahasha, na bahasha ikae pamoja na hati ya shamba, mahali ambapo mke na kifungua mimba wote wanapajua. Usilitume kwenye kikundi cha familia.

Kaunti nayo ina la kufanya, na si kununua seva kubwa. Vyuo vyake vya ufundi, CTTI, hufundisha uashi, ushonaji, umeme na ufundi wa magari. Ongeza hapo kozi fupi ya kutunza data, kijana ajue kuunganisha seva, kuchagua diski, kuweka UPS pamoja na waya wake, na kurudisha faili mbele ya mteja kabla ya kulipwa. Kazi itapatikana: shule ngapi, kliniki ngapi, studio ngapi kutoka Wote hadi Emali na Mtito Andei? Na kamati za miradi zipewe mahali pa kuweka kumbukumbu zao ambapo hazitapotea na simu ya katibu. Kaunti inayojivunia mikutano ya kijiji inafaa iwe na uwezo wa kuonyesha kilichoamuliwa katika mikutano hiyo miaka 10 baadaye, mradi ukigeuka kesi.

Imebaki shemeji, ambaye ana haki ya kuuliza yeye anapata nini kwa kuhifadhi diski ya watu na kulipa stima yake. Anapata kilekile anachotoa. Nyumba yake pia ina picha za watoto, vyeti, na biashara ndogo ya mtandaoni. Faili hizo zinakuja Wote kila usiku, zimefungwa kwa msimbo wake mwenyewe, zikikaa juu ya kabati lako kwa wati zako 20. Hakuna anayemlipa mwenzake. Anachotakiwa kutoa ni nafasi karibu na ruta na soketi moja, na aiandike kwa peni nene kwamba hiyo si ya kuchomolewa mtu akitaka kupiga pasi.